Mwani haukosi kaboni: kwa nini maji ya Ghuba ya Winam hugeuka kijani

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakaazi, wavuvi, wakulima na wanafunzi, katika kikao cha umma kuhusu maji. Vichwa vidogo vimeongezwa ili kumrahisishia msomaji.



Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiuliza: yale maji ya kijani yanatoka wapi, na kwa nini hayaishi? Wengine huuliza kwa hasira, na wana haki. Mama anayeteka maji ufuoni hawezi kuahirisha kupika kwa sababu ziwa limebadilika rangi. Mvuvi hawezi kuwaambia watoto wasubiri ada ya shule hadi upepo usukume ule utando mbali.

Kazi yangu katika kitengo cha mawasiliano ni kuchukua maneno ya wataalamu na kuyaleta kwenu kwa lugha tunayoielewa sote. Leo nitawaeleza jinsi mwani unavyojipatia chakula, hasa jinsi unavyokusanya hewa ya kaboni ndani ya maji. Ukilielewa jambo hilo, utaelewa ni mlango upi wa mwani hatuwezi kuufunga, na upi tunaweza.

Mmea unavyojipikia

Tuanze na yale ambayo wanafunzi wetu wanayajua. Kila mmea wa kijani hujitengenezea chakula. Hutumia mwanga wa jua, maji na hewa iitwayo kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa tunapopumua. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Kaboni iliyomo katika hewa hiyo hugeuzwa kuwa sukari, kisha wanga, shina, majani na mbegu. Ugali uliokula jana jioni, miezi michache iliyopita sehemu yake kubwa ilikuwa hewa juu ya shamba la mtu.

Mwani hufanya vivyo hivyo. Ni vijimea vidogo ajabu, vingi havionekani kwa macho kimoja kimoja. Tunapoona ndoo ya maji imekuwa kijani, tunaona mamilioni yake kwa pamoja. Kuna mwani wa kijani halisi, na kuna kundi la pili liitwalo mwani wa bluu-kijani, ambalo wanasayansi huliweka katika ukoo wa bakteria. Katika ghuba yetu makundi yote mawili yapo. Linalotusumbua zaidi ni hili la pili, na mmoja wao anajulikana kwa jina la kisayansi la Microcystis.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwani si takataka. Viumbe hawa wadogo wa baharini na wa maziwani hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Hapa kwetu, ngege hula mwani. Omena hula vijidudu vinavyokula mwani. Mbuta hula omena. Ziwa lisilo na mwani ni ziwa lisilo na samaki. Shida huja pale unapozidi kipimo.

Mpishi wa polepole

Ndani ya kila jani na ndani ya kila chembe ya mwani kuna mpishi mkuu mmoja. Jina lake ni rubisko. Ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi fulani ndani ya mwili wa kiumbe. Kazi ya rubisko ni kuinasa kaboni dayoksaidi na kuiingiza katika chakula. Huhesabiwa kuwa protini iliyo nyingi kuliko zote duniani.

Lakini mpishi huyu ana kasoro mbili. Ya kwanza ni upole wake. Vimeng'enya vingine hufanya kazi mamia au maelfu ya mara kwa sekunde moja. Rubisko hunasa kaboni mara 3 hadi 10 tu. Ya pili ni kwamba hukosea. Wakati mwingine hunasa oksijeni mahali pa kaboni. Hapo mmea hulazimika kutumia nguvu zake kusahihisha kosa, na katika kusahihisha hupoteza kaboni iliyokwisha kupatikana. Kwa mimea mingi, siku ya joto la kiasi, kosa hili hutokea takriban mara moja kwa kila mara nne au tano. Joto likipanda, makosa huongezeka.

Rubisko ilianza kazi mabilioni ya miaka iliyopita, dunia ikiwa na kaboni dayoksaidi tele na oksijeni kidogo sana. Siku hizo hakukuwa na cha kuchanganya. Leo, katika kila vipimo 10,000 vya hewa, oksijeni ni karibu 2,100 na kaboni dayoksaidi ni kama 4 tu. Ni kama kumtuma mtu achague punje 4 za njugu katika debe la mahindi, tena kwa haraka.

Na majini hali ni ngumu zaidi. Kaboni dayoksaidi husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani. Kijimea kilichozungukwa na maji kingeweza kumaliza hewa iliyo karibu nacho kikabaki kinasubiri nyingine, huku jua linawaka bure. Kwa hesabu hiyo, mwani ungepaswa kuwa kiumbe mwenye njaa daima. Lakini tunaona wenyewe kwamba haupo hivyo.

Kizimba cha kaboni

Wavuvi mtanielewa haraka hapa. Ukitupa wavu katikati ya ziwa pana, unaweza kurudi na samaki wawili. Ukifuga samaki ndani ya kizimba, kila ukitia wavu unatoka na samaki. Wavu ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba umewakusanya samaki mahali pamoja. Mwani hufanya hivyo kwa kaboni.

Hufanyaje? Kaboni dayoksaidi ikiingia majini, sehemu yake kubwa hugeuka na kuwa kitu kiitwacho baikaboneti, cha jamaa moja na magadi tunayotia kwenye mboga. Katika ziwa kama letu baikaboneti ni nyingi kuliko kaboni dayoksaidi yenyewe. Ina sifa mbili muhimu. Moja, rubisko haiwezi kuitumia moja kwa moja. Mbili, haipenyi ovyo kwenye ngozi ya chembe hai, kwa sababu ina chaji ya umeme. Kaboni dayoksaidi ni kama kisamaki kidogo kinachopita kwenye matundu ya kila wavu. Baikaboneti ni samaki mkubwa: ukishamtia ndani, hatoki.

Basi mwani una pampu kwenye ngozi yake. Pampu hizo hutumia nguvu zinazotokana na mwanga wa jua kuvuta baikaboneti kutoka majini na kuijaza ndani. Mwani wa bluu-kijani una aina kadhaa za pampu: nyingine hufanya kazi baikaboneti ikiwa tele, nyingine hunyonya hata iliyobaki chache sana.

Baada ya kujaza, inabidi baikaboneti irudi kuwa kaboni dayoksaidi, na hilo lifanyike karibu kabisa na mpishi. Kwa hiyo mwani wa bluu-kijani hujenga visanduku vidogo vya protini viitwavyo kaboksisomu. Ndani ya sanduku hupanga rubisko kwa wingi, pamoja na kimeng'enya kingine chenye kasi kubwa, ambacho jamaa zake wamo hata katika chembe nyekundu za damu yetu. Baikaboneti inaingia kwenye sanduku, kimeng'enya hicho kinaigeuza mara moja kuwa kaboni dayoksaidi, na ukuta wa sanduku unaizuia isitoroke. Rubisko inajikuta imezungukwa na kaboni. Kaboni iliyokusanywa ndani ya chembe inaweza kufika hadi mara 1,000 ya ile iliyo majini. Hapo mpishi hakosei tena mara kwa mara, na hata upole wake haudhuru sana, kwa sababu kila akinyoosha mkono anapata.

Mwani wa kijani halisi ulifikia shabaha hiyo hiyo kwa njia yake. Hauna sanduku la protini. Una bonge la rubisko liitwalo pirenoidi, mara nyingi likiwa limezungukwa na ganda la wanga. Mwaka 1980 watafiti Murray Badger, Aaron Kaplan na Joseph Berry walionyesha kwamba kijimea kimoja cha kijani, Chlamydomonas, hurundika kaboni ndani yake kupita kiasi kinachopatikana nje. Mwaka 2016 ikajulikana protini inayoshika rubisko pamoja ndani ya bonge hilo, mfano wa udongo unaoshika mawe ya ukuta.

Tena mwani haupotezi nguvu ovyo. Kaboni dayoksaidi ikiwa tele majini, hupunguza pampu zake. Ikiadimika, huziwasha.

Mahindi yanajua, mpunga haujui

Kabla sijarudi ziwani, wakulima wasije wakadhani wamesahauliwa. Baadhi ya mimea ya nchi kavu nayo hukusanya kaboni, kwa kutumia aina mbili za chembe katika jani: moja hunasa, nyingine hupika. Mahindi, mtama na miwa ni ya kundi hilo. Ndiyo sababu moja ya miwa ya Muhoroni kukua kwa nguvu kwenye jua kali. Mafunjo yetu, yale mnayosukia mikeka na vikapu kule Dunga, nayo ni ya kundi hilo. Nitayarudia mbele.

Lakini mpunga wa Ahero, maharagwe, muhogo, viazi vitamu na pamba hazina mbinu hiyo. Kwenye jua la saa saba mchana, rubisko yao inakosea na mavuno yanapungua. Ndiyo maana wanasayansi wanajaribu kuazima ujuzi wa mwani. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na Uingereza walifaulu kuufanya mmea wa tumbaku ukue kwa kutumia rubisko ya mwani wa bluu-kijani. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh liliweza kuunda bonge la rubisko, mfano wa pirenoidi, ndani ya mmea mdogo wa maabara.

Naomba mnisikie vizuri hapa, kwa sababu maneno husafiri. Huo bado ni utafiti. Hakuna mbegu ya mpunga wala ya maharagwe yenye mbinu ya mwani inayouzwa madukani. Mtu akikujia na pakiti na kukuambia ni mbegu ya namna hiyo, weka pesa zako mfukoni na umuulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Saa nane mchana katika ghuba

Sasa turudi kwenye maji yetu. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na mlango wake kuelekea ziwa kuu, pale Rusinga, ni mwembamba. Mto Nyando, Sondu, Kibos na Kisat inaingia humu na yote iliyobeba. Maji hukaa muda mrefu kabla ya kubadilishana na ya ziwa kuu.

Mwani ukishakuwa mwingi, kila siku jua linapopanda hunyonya kaboni dayoksaidi ya majini hadi karibu iishe. Hilo hubadilisha maji yenyewe: yanaacha kuwa ya kawaida na kuelekea upande wa magadi. Kadiri yanavyoelekea huko, ndivyo kaboni dayoksaidi iliyobaki inavyozidi kugeuka kuwa baikaboneti. Mchana wa jua kali, katikati ya utando mzito, kaboni dayoksaidi iliyo huru inaweza kuwa chini ya sehemu moja kwa mia ya kaboni yote iliyoyeyuka.

Hapo aina za mwani zisizo na pampu kali hushindwa. Microcystis haishindwi. Inaendelea kuvuta baikaboneti. Zaidi ya hayo, ina vifuko vya hewa ndani yake vinavyoifanya ielee, kwa hiyo hupanda juu kabisa, ikapata jua kwanza na kuwafunika wenzake, na ikawa karibu na kaboni inayoingia kutoka hewani. Ndiyo maana mnaona ule utando mzito kama rangi iliyomwagika, hasa siku zisizo na upepo.

Kwa ufupi, mwani huu hauwezi kufa njaa ya kaboni. Hatuwezi kuuzimia kaboni. Hewa yote iliyo juu ya ziwa ni ghala lake, na ufunguo anao.

Jibu kutoka maziwa ya Canada

Mtu ataniuliza: sasa kama hivyo ndivyo, si tumekwisha? Hapana. Swali hilo liliwahi kubishaniwa kwa ukali, na likapata jibu.

Miaka ya 1960, maziwa mengi ya Amerika Kaskazini yalikuwa yanageuka kijani. Baadhi ya watu, wakiwemo waliotetea sabuni za unga zenye fosfeti, walisema kaboni ndiyo inayoamua wingi wa mwani. Wengine walisema ni fosforasi. Mwanasayansi David Schindler na wenzake wakaenda kwenye maziwa madogo ya jimbo la Ontario, Canada, yaliyotengwa kwa utafiti. Kuanzia mwaka 1969 walitia fosforasi na naitrojeni katika Ziwa 227, ziwa lenye kaboni kidogo mno katika maji yake. Hawakutia kaboni. Ziwa likageuka kijani. Kaboni iliyokosekana iliingia yenyewe kutoka hewani.

Mwaka 1973 walilitenga Ziwa 226 kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wa fosforasi ukafunikwa na mwani. Upande mwingine ukabaki karibu ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani ikaonyesha ziwa moja lenye rangi mbili, na ubishi ukapungua sana.

Sababu yake tunaweza kuifuata wenyewe. Kaboni mwani unaipata hewani na kuipampu. Naitrojeni ikipungua, baadhi ya jamaa za mwani wa bluu-kijani wanaweza kuinasa kutoka hewani vilevile, ingawa Microcystis yenyewe haiwezi. Lakini fosforasi haipo hewani kama gesi ya kunaswa. Huja na udongo, mbolea, kinyesi, maji taka, sabuni na majivu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa huja kutoka kwetu na kwa jirani zetu walio juu ya mito.

Hesabu ya gunia moja

Wanafunzi, tufanye hesabu pamoja. Kwa wastani, mwani hutumia fosforasi gramu 1 kujenga mwili wenye kaboni gramu 40 hivi. Gunia la mbolea ya DAP la kilo 50 lina fosforasi kilo 10 hivi. Kama fosforasi yote ya gunia hilo ingefika ziwani badala ya kubaki kwenye mizizi ya mahindi, na mahitaji mengine yawepo, ingetosha kujenga mwani wenye kaboni kilo 400. Hiyo ni kaboni tupu. Ukijumlisha na maji yaliyomo ndani ya mwani, uzito ni mkubwa zaidi mara nyingi.

Bila shaka gunia zima haliishii ziwani. Lakini kila mvua kubwa inayobeba udongo mwekundu hadi Nyando hubeba na fosforasi iliyoshikamana na udongo huo. Na mkulima ameilipia. Mbolea inayolisha mwani ni pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Usalama wa maji ya nyumbani

Jambo hili ni la haraka, kwa hiyo naomba kila mmoja alibebe nyumbani. Microcystis inaweza kutoa sumu iitwayo maikrosistini, inayodhuru ini. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji yanayonywewa maisha yote ni maikrogramu 1 tu kwa lita moja.

Mwaka 2014, mwezi wa Agosti, mji wa Toledo nchini Marekani, unaochota maji katika Ziwa Erie, ulikuta sumu hiyo katika maji yaliyokwisha kusafishwa. Mamia ya maelfu ya wakaazi waliambiwa wasiyanywe kwa siku kadhaa. Wakaambiwa pia wasiyachemshe.

Tumefundishwa tangu utotoni kuchemsha maji, na ni mafunzo mazuri: kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Endeleeni. Lakini kuchemsha hakuondoi sumu ya mwani. Maji yanapopungua sufuriani, sumu hubaki, na kila kikombe kinakuwa na sumu nyingi zaidi. Dawa za kutibu maji nyumbani nazo zisitegemewe kwa kazi hii, kwa sababu zinaweza kupasua chembe za mwani na kuiachilia sumu iliyokuwa ndani.

Kwa hiyo, usiteke maji mahali penye utando au rangi ya kijani kibichi. Tumia maji ya bomba au kioski, ya kisima kilicho salama, au ya mvua uliyoyavuna kwenye paa. Usiwaache watoto wacheze katika utando huo, wala usinyweshe mifugo hapo. Unapotayarisha ngege au mbuta, toa matumbo na maini yote na uyatupe, kwa maana humo ndimo sumu hukusanyika zaidi. Mtu akiugua baada ya kunywa maji ya kijani, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kuhusu maji hayo.

Wafugaji wa samaki wa vizimba, jueni pia kwamba usiku mwani hautengenezi oksijeni, huitumia. Na ukifa kwa wingi, bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyobaki. Samaki aliye huru anaweza kukimbia. Aliye kizimbani hawezi. Angalieni rangi ya maji alfajiri, na msirundike samaki kupita kiasi. Chakula kisicholiwa nacho huzama kikiwa na fosforasi.

Mlango tunaoweza kuufunga

Tufanye nini basi? Nitaanza na upande wa serikali. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi, mifereji ya maji ya mvua mijini, na kilimo. Kwa hiyo maji taka yanayofika ziwani bila kusafishwa ni jambo ambalo mwananchi ana haki ya kuliuliza, na serikali ya kaunti ina wajibu wa kulijibu. Vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti si vya barabara peke yake. Njooni muulize mabomba ya maji taka yamefika mtaa gani, mitambo ya kusafisha inafanya kazi kwa kiwango gani, na magari ya kunyonya vyoo yanamwaga wapi. Swali likiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, ni vigumu kulisahau.

Wakulima, mbolea iwekwe kwenye shimo la mbegu na kufunikwa, isitawanywe juu kabla ya mvua kubwa. Pimeni udongo ili msinunue fosforasi msiyoihitaji. Matuta na mistari ya majani ya nepia huzuia udongo usiondoke. Hayo ni maneno ya Nyando, lakini pia ya majirani zetu wa Nandi na Kericho, ambako maji yetu yanaanzia.

Wakaazi wa mjini, tusioshe magari wala kufua ndani ya ziwa na mito. Maji ya sabuni yamwagwe mbali na mfereji unaoelekea Kisat. Mwenye nyumba za kupangisha asielekeze choo chake kwenye mfereji wa mvua.

Na mafunjo. Niliahidi kuyarudia. Mafunjo hukusanya kaboni kwa mbinu yake, hukua haraka, na katika kukua huvuta fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye maji yanayopita kwenye mizizi yake. Ni chujio lililosimama kati ya nchi kavu na ziwa, tena halituombi umeme. Ukiyavuna kwa kiasi na kuyasuka mikeka, unaondoa fosforasi majini na kupata riziki. Ukiyachoma au kuyafyeka yote ulime ufuoni, umeivunja chujio na umeirudisha fosforasi ziwani kwa mkupuo.

Sitawaahidi kwamba ghuba itakuwa safi mwaka ujao. Matope ya chini yameweka akiba ya fosforasi ya miaka mingi, na yataendelea kuitoa kidogo kidogo. Lakini kazi hii imewahi kufaulu. Ziwa Washington, lililo kando ya mji wa Seattle nchini Marekani, lilikuwa likipokea maji taka ya miji iliyolizunguka, na mwani wa bluu-kijani ukalitawala. Wakaazi walipiga kura kugharamia mabomba ya kuyaelekeza maji taka kwingine. Kazi ilianza mwaka 1963 na kukamilika mwaka 1968. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, mwani huo ulikuwa umetoweka na maji yalikuwa maangavu. Kaboni ya hewani haikupungua hata kidogo. Kilichofungwa ni mlango wa fosforasi.

Hilo ndilo neno ninalowaachia. Mwani umejifunza kwa mabilioni ya miaka jinsi ya kutokosa kaboni, na hatutaushinda kwa upande huo. Fosforasi, kwa sehemu kubwa, unaipata mikononi mwetu: shambani, chooni, kwenye mfereji na kwenye meza ya bajeti. Tuanzie hapo, kila mmoja mahali alipo.

 Mwenyekiti, nakurudishia kikao, na nipo tayari kwa maswali.